Mtoto wa Kike na Somo la Fizikia: Tusimfungie Mlango Kidato cha Pili

Ifuatayo ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, wazazi na wafadhili waliokutana Gerezani, Dar es Salaam, kuzungumzia elimu ya mtoto wa kike. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.

 

Awali ya yote namshukuru Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima. Nawashukuru pia akina mama wa usharika kwa chai na maandazi, maana najua baadhi yenu mmetoka Mbagala na Gongo la Mboto tangu alfajiri. Nimepewa dakika 20. Nitajitahidi, ingawa Mwenyekiti ananifahamu.

Nimeombwa nizungumzie kumhamasisha mtoto wa kike kusoma fizikia. Neno hili "kuhamasisha" tumelizoea sana katika miradi yetu. Tumehamasisha vyoo bora, tumehamasisha vyandarua, tumehamasisha hata upandaji wa miti mahali pasipo na maji. Lakini katika kazi hii nimejifunza kwamba binti wa Gerezani hakosi hamasa. Udadisi anao tangu utotoni. Kinachomtokea ni kwamba anaondolewa kwenye somo hili polepole, bila kelele, na wanaomwondoa mara nyingi ni sisi tunaompenda.

Hebu tutazame nje ya ukumbi huu. Mafundi wanakunja bati na kuchomelea vyuma. Maduka ya vipuri yamejaa springi, beringi na mikanda ya injini. Mbele kidogo ni Kariakoo, na kijana wa mkokoteni anapita na magunia. Yule kijana hapangi mzigo ovyo. Akiuelekeza mno upande wa mikono yake, anabeba uzito usio wa lazima. Akiurudisha mno nyuma, mikono ya mkokoteni inanyanyuka na yeye ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Anatafuta pale mzigo unapokaa juu ya ekseli. Kitabu cha sayansi kinaiita ekseli hiyo egemeo, na habari yote ya wenzo iko hapo, inasukumwa mchana kutwa mbele ya watoto wetu. Hata neno "mwendokasi" lilikuwa neno la fizikia kabla halijawa jina la mabasi yanayoanzia hapa Gerezani. Limo katika somo la mwendo, karibu na mchapuko na kani. Siku moja niliwaambia hivyo wasichana fulani wa kidato cha kwanza, wakacheka sana. Walidhani fizikia haina neno hata moja wanalolijua.

Wakati mwingine somo hili linaingia mitaani kwetu kwa uchungu. Mnakumbuka Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka hapo Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wapo kati yetu waliozika. Sitaki kuingia katika mambo ya uchunguzi, hayo yana wenyewe. Nasema tu kwamba nguzo ina kiasi cha mzigo inachoweza kubeba, na ardhi chini ya msingi nayo hivyo hivyo, na mji unaojengwa kwa ghorofa unahitaji watu wengi wanaoweza kulitazama jengo na kusema, hapana, hapa simameni. Kwa nini tuanze kuwatafuta watu hao tukiwa tumeshaondoa nusu ya watoto darasani?

Sasa nieleze jinsi wanavyoondolewa, na nitaanza na mimi mwenyewe. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili katika shule ambayo sitaitaja. Nilipenda fizikia, hasa mambo ya umeme. Mwalimu wetu wa somo hilo aliondoka katikati ya mwaka na hakuletwa mwingine. Ulipofika wakati wa kugawanywa, mwalimu mmoja aliingia na karatasi, akasoma majina ya watakaoendelea na sayansi. Wasichana walikuwa wawili. Mimi sikuwemo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuuliza. Jioni nilimwambia marehemu baba, akajibu, "Afadhali mwanangu, yale mahesabu yangekuchosha." Alisema kwa upendo. Huyu ni mzee aliyeuza ng'ombe ili nipate ada. Asingenifungia mlango hata kwa bahati mbaya kama angejua kuwa pale palikuwa na mlango.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye tatizo. Wazazi wengi hatujui kuwa pana mlango. Tunadhani fizikia ni ya wale wanaotaka kuwa mainjinia tu. Lakini mzazi anayesema, "Binti yangu atakuwa nesi," naye ameingia katika habari hii, kwa sababu anayetaka kusoma diploma ya uuguzi anatakiwa kuwa na ufaulu wa kidato cha nne katika biolojia, kemia na fizikia. Tahasusi ya PCB, inayoelekea udaktari, inaanza na fizikia. PCM vivyo hivyo. Kutoka hapa tulipo hadi Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed, ni mwendo wa miguu. Chuo hicho kimekuwepo tangu mwaka 1957, wakati huo kikiwa chuo cha ufundi. Binti wa Gerezani anakipita akienda mjini, na kama aliacha fizikia, kozi nyingi za uhandisi mle ndani haziko tena kwa ajili yake. Serikali imejenga shule za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa, mikoa 26. Ufadhili wa masomo ya sayansi vyuoni unaoitwa Samia Skolashipu ulianza mwaka wa masomo 2022/2023. Ni mambo mazuri. Lakini yote hayo yanamsubiri msichana ambaye hakuliacha somo, na uamuzi wa kuliacha unafanyika nyumbani, akiwa na miaka 15, kwa maneno mawili matatu wakati wa chakula cha usiku. Tena mitaala mipya iliyoanza kuingia madarasani mwaka 2024 imeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, hivyo uchaguzi unabisha hodi mapema zaidi. Ninachokiogopa ni kwamba katika amali wavulana watapelekwa kwenye umeme na magari, na wasichana watapelekwa kwenye cherehani, bila mtu kuuliza.

Naomba sasa niwape kisa, na wale waliosoma fizikia watanivumilia kwa sababu wanakijua. Mwaka 1963 kijana mmoja wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliyeitwa Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa chache na vijana walikuwa wanagombania. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Waliporudi kutazama, ya kwake yalikuwa yameshaganda, na ya mwenzake yalikuwa bado.

Akamuuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, akachekwa, na darasa likageuza jina lake kuwa dhihaka. Kila aliyekosea hesabu aliambiwa hiyo ni ya Mpemba. Kisha akaja mgeni kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza lile lile: kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi? Wenzake wakacheka. Yule mgeni hakucheka. Aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha wote wawili makala katika jarida la fizikia la Uingereza. Mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu yake, na wapo wanaosema halitokei kila mara.

Kwa nini nimekaa sana hapa? Kwa sababu swali lile lilitoka kwenye maziwa na sukari. Lilitoka jikoni. Sasa niwaulize, katika mitaa hii ya kwetu, ni nani anayechemsha, anayetia sukari, anayefunga barafu za mifuko na kuzipanga kwenye friji kila jioni? Ni mabinti zetu. Sidhani kuwa Mpemba ndiye mtu wa kwanza kuona alichokiona. Nadhani wapo wasichana wengi waliokiona, wakanyamaza. Mpemba alichekwa mara tatu na bado akaendelea kuuliza. Msichana anachekwa mara moja tu, tena mara nyingine na mama yake mwenyewe, na swali linaishia hapo. Nasi viongozi wa sharika, je, tumewahi kuwa kama yule mgeni ambaye hakucheka?

Msije mkadhani hatuna mfano wa mwanamke. Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, alisoma hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaendelea hadi Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, na akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati. Alichokichunguza ni namna vimiminika visivyo na tabia kama ya maji vinavyopita ndani ya bomba. Ukitaka kuelewa, fikiria uji mzito ukipita kwenye mrija. Tena amefanya kazi kubwa ya kutafiti kwa nini wasichana wanabaki nyuma katika sayansi. Ukimtaja Marie Curie darasani, na ni vizuri kumtaja, mtaje na huyu.

Habari ya bomba inanikumbusha jambo ambalo wafadhili wetu wanastahili kulisikia kutoka kinywani mwangu. Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja wa pembezoni, tulichimba kisima na kufunga pampu ya umeme wa jua. Mimi ndiye niliyesaini manunuzi. Kutoka usawa wa maji hadi juu ya ardhi ilikuwa mita 40. Tenki tukaliweka mlimani karibu na zahanati, mita 25 juu zaidi, ili maji yateremke yenyewe. Pampu niliyoikubali, kwa kuwa bei yake ilikuwa nzuri, ilikuwa na uwezo wa kusukuma maji hadi mita 50. Siku ya uzinduzi kwaya ikaimba, mgeni rasmi akafungua bomba, na bomba likatoa hewa. Tulizunguka na mafundi wiki mbili tukikagua paneli na nyaya. Akaja binti mmoja mdogo, fundi sanifu aliyetoka chuoni siku si nyingi, akauliza swali moja tu: kutoka majini hadi kwenye tenki ni mita ngapi? Arobaini na ishirini na tano ni 65. Ilikuwa hesabu ya darasa la tatu, lakini ili ujue kuwa hiyo ndiyo hesabu ya kufanya, lazima uwe umesoma somo nililoondolewa mwaka 1996. Akina mama waliendelea kuchota maji bondeni miezi minne zaidi mpaka tukapata pampu nyingine. Lile lilikuwa kosa langu na nimeshaliandika katika taarifa. Nalirudia hapa ili msione kuwa nazungumzia ndoto za watu wengine.

Nirudi Gerezani. Tangu mwaka jana tumekuwa na kundi dogo la wasichana 14 wa kidato cha kwanza na cha pili, wanaokutana katika chumba cha nyuma cha ukumbi kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Saa hizo hatukuzichagua ovyo. Asubuhi kuna kipaimara, na jirani zetu wana madrasa. Saa sita hadi saa nane mama lishe wanahitaji mikono ya mabinti zao. Mwanzoni tuliweka saa tano na walikuja watatu. Tulipohamisha saa, wakaja wote. Tulikuwa tumeandika kwenye ripoti kwamba "mwamko ni mdogo." Mwamko ulikuwepo, sisi ndio tulioweka saa mbaya.

Vifaa vingi tumevipata hatua chache kutoka hapa. Springi za kupimia uzito zimetoka kwenye maduka ya vipuri. Roda na wenzo ametutengenezea fundi chuma mmoja, ambaye sasa anakuja mwenyewe kuangalia zinavyotumika. Betri za redio, nyaya, balbu za tochi. Katika miaka ya 2014 na 2015 nchi nzima ilichangishwa kujenga maabara tatu katika kila sekondari ya kata, na wengi wenu mlibeba tofali. Vyumba vilijengwa, lakini chumba peke yake hakifundishi. Ammita ndiyo inayofundisha, na mwalimu anayekuruhusu uishike. Shuleni, kifaa kikiwa kimoja kwa wanafunzi 60, wavulana wanakishika na wasichana wanaandika majibu. Hilo wasichana wenyewe ndio walionieleza.

Lugha nayo ni kikwazo. Mtoto anatoka msingi akijua egemeo na mzigo kwa Kiswahili, anafika sekondari maneno yote yamebadilika, anadhani somo lenyewe ni jipya. Mwalimu wetu wa Jumamosi, dada mmoja anayesoma chuo kikuu, huanza kila mada kwa Kiswahili ndipo aingie Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo hatuwezi kusingizia kuwa maneno hayapo.

Binti mmoja wa kundi hilo alifundishwa kuhesabu umeme. Friji la wati 150 likiunguruma saa 10, linakula uniti moja na nusu. Akaenda nyumbani na daftari, akakaa mbele ya friji la mama yake kutwa nzima akiandika dakika linapounguruma na linapotulia. Halikuwa linatulia. Mpira wa mlango ulikuwa umechoka. Mama alikuwa anamlaumu mpangaji wa chumba cha pili kwa kumaliza LUKU, na nusura wagombane. Mpira umebadilishwa hapa hapa Gerezani, na mama huyo sasa ndiye anayewakumbusha wenzake siku ya Jumamosi.

Wazee wawili wameniuliza swali gumu, na afadhali nilijibu mbele ya wote. Katika wale 14, wasichana tisa ni Waislamu. Wazee wanauliza, sadaka ya usharika inasomesha watoto wa nani? Najibu kwamba inasomesha watoto wa Gerezani. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule, na hakuwasahau wasichana. Aliwaandikia wenye mamlaka ya mji kwa sababu alijali mji mzima. Jengo likiporomoka haliulizi nani amebatizwa. Na mgonjwa anayepata mionzi ya saratani pale Ocean Road anahitaji mtaalamu wa fizikia aliyepima kipimo sawasawa. Hana haja ya kujua mtaalamu huyo anasali wapi. Najua si wote watakaoridhika na jibu hili. Tuendelee kuzungumza, lakini tusiwaondoe watoto wakati tunazungumza.

Ninachoomba si kikubwa. Kila kamati ya usharika itafute wasichana wake wa kidato cha pili kabla ya mwezi wa tisa, ikae na kila mmoja pamoja na mzazi wake, na imuulize anataka kuwa nani na masomo gani yanahitajika. Kazi hiyo ni ya jioni mbili, haina posho. Kama msichana hapendi fizikia, basi, aache. Simlazimishi mtu, na wapo watakaokuwa wanasheria wazuri na walimu wazuri wa historia. Ila aache yeye, akiwa anajua anachokiacha.

Kwa wafadhili wetu: mmekuwa mkitoa sare na mabegi, na mabinti wanashukuru. Safari hii naomba sehemu ya fedha hizo iende kwenye ammita, voltimita na mizani za springi za kutosha ili kila wasichana wawili washike kifaa chao, na kwenye nauli ya yule dada anayefundisha, ambaye kwa miezi minane amekuwa akijilipia kutoka Ubungo. Orodha iko kwa Katibu, imeandikwa bei za Kariakoo.

Mwisho, mnakaribishwa Jumamosi ijayo. Tutaweka vikombe kwenye friji, vingine vya maji ya moto na vingine vya maji ya baridi, tuone kama Mpemba alikuwa sahihi au la. Mimi sijui itakuwaje, na mwalimu naye amekataa kutabiri. Friji tumeazimwa na yule yule mama wa barafu. Ameweka sharti moja, kwamba yasipite masaa mawili, na binti yake atakaa mlangoni na daftari akihesabu uniti.